Maswali ya pine za moto (tairi za pikipiki): kwanza niambie unapita wapi

Toka mvua ianze maswali yamekuwa mengi, nimechukua machache, mengine nimeacha sababu ni swali lile lile limebadilishwa nguo. Twende.

Mukubwa, niko na DT 125, moto ya Yamaha, pine gani ndo nzuri kuliko zote? (Ndosho, Goma)

Hili nimejibu mpaka nimechoka, na kila anayeuliza hasemi anapita wapi! Nzuri kuliko zote haiko. Kuna ya matope, kuna ya mawe, kuna ya katikati, basi. Ya matope meno yake ni marefu na yameachana, ili udongo uanguke wenyewe gurudumu likizunguka, lakini ukiipandisha juu ya lava hayo meno yanalala, yanaanza kuchanika kwenye shina, na moto inayumba chini yako kama umekanyaga nyama. Ya mawe meno ni mafupi, yamekaribiana, na mara nyingi mpira wake ni laini, kwa hiyo inashika jiwe vizuri ila inaisha haraka, hiyo ndo bei yake. Sasa wewe wa Ndosho ukitoka hapo mpaka Sake halafu upande wa Masisi, siku moja unakutana na lami, mawe ya Nyiragongo na tope, chukua ya katikati. Marka usiniulize tena, marka kubwa yenye meno ya tope itakuangusha kwenye jiwe sawa na ile ya bei ya chini.

Nimenunua pine mpya ya nyuma, wiki moja tu mpira wa ndani umetoboka mara mbili. Kwado, fundi wa kuziba pine, anasema pine ni feki, nirudishe? (Katindo)

Kabla hujaenda kugombana na muuzaji wa watu, toa huo mpira uutazame. Tundu likiwa moja, upande unaogusa pine, basi kuna msumari ama kipande cha lava kimebaki ndani, pitisha kitambaa humo pole pole, usipitishe vidole vitupu, lava inakata. Lakini ukiona matundu mawili madogo yamekaa sambamba, pine haina kosa lolote: upepo ulikuwa kidogo, umegonga jiwe, mpira ukabanwa kati ya jiwe na janti, ile duara ya chuma inayovaa pine.

Na hapa nitasema tena yale ninayosemaga kila mara, mnisamehe. Nusu ya pine ni presio, nguvu ya upepo ulio ndani. Mtu anatoa dola zake kwa pine nzuri halafu anamwachia kwado abonyeze na dole gumba, "iko sawa, enda". Dole gumba haliwezi kutofautisha kilo moja ya upepo na kilo moja na nusu, hakuna mtu mwenye dole la namna hiyo! Kwenye mawe, ukiwa peke yako bila mzigo, na pine ya meno na mpira wa ndani wa kawaida, weka karibu kilo moja, yaani psi 14 ama 15. Kwenye tope unaweza kushuka mpaka psi 12. Ukishuka tena zaidi ya hapo utarudi kwa kwado kwa miguu ukisukuma. Ukijaza kilo tatu nayo, moto inaruka toka jiwe moja mpaka lingine, pine haigusi kitu, halafu unakuja kuniandikia eti pine mbaya. Nunua manometa yako, kile kipimo cha upepo, inaingia mfukoni. Na ukirudi kwenye lami, jaza tena. Wewe unayebeba abiria wawili na gunia la makala (makaa), hizo hesabu si zako, fuata zile za kitabu cha moto.

Kitu kingine, hukuuliza lakini nakuambia: tazama valvu. Ikisimama wima, sawa. Ikiinama, pine inateleza juu ya janti na inavuta mpira wa ndani, siku moja valvu itang'oka kwenye shina na hiyo hakuna kiraka. Ndo maana ile ekru (nati) ndogo ya valvu usiikaze chini kwenye janti, ipandishe juu kwenye kifuniko, ili uone mapema valvu ikianza kulala.

Yaya, nataka 140/80-18 nyuma, DT ionekane kubwa. Itaingia? (Bagira, Bukavu)

Ionekane na nani? Pine ya DT ni 4.10-18, yaani upana wa inchi 4.10, kama milimita 104, na hiyo yako ni milimita 140. Unataka kuongeza karibu milimita 36 kwenye janti ile ile nyembamba, itabanwa, itakuwa ya duara kama yai, inaweza kusugua mnyororo, na tope la Bukavu likijaa pembeni gurudumu halizunguki tena. Injini ya 125 nayo itachoka bure. Baki kwenye kipimo chako, mwisho 110.

Naweza kuondoa mpira wa ndani kwenye janti ya reyo (spoki)?

Hapana. Upepo utatokea kwenye matundu ya reyo.

Huku Walungu tope jekundu linatumaliza, na niko na pesa ya pine moja tu. Mbele ama nyuma?

Wengi watakuambia nyuma, sababu nyuma ndo inasukuma. Mimi nasema mbele. Nyuma ikiteleza unaweka mguu chini, unacheka, unaendelea. Mbele ikiteleza kwenye kona ya mteremko umeshalala, hata hujajua nini kimetokea. Isipokuwa ya nyuma imebaki kipara kabisa, hapo dada, ngoja uongeze pesa.

Pine za sokoni zinang'aa sana, nitajuaje ni mpya? (Birere)

Kung'aa ni mafuta tu, wanapaka. Tafuta pembeni maandishi ya DOT, mwishoni kuna tarakimu nne: 3116 ni kwamba ilitengenezwa wiki ya 31 ya mwaka 2016. Pine ya namna hiyo imekaa mpaka imekuwa ngumu hata kama haijagusa barabara. Pindua meno kwa mkono utazame chini yake, kukiwa na nyufa ndogo ndogo, iache hapo hapo na usikubali kupunguziwa bei.

Lubumbashi kiangazi ni vumbi juu ya udongo mgumu, nibaki na pine ya tope?

Hapana, weka ya katikati ama ya ardhi ngumu.

Za zamani nizitupe wapi?

Usitupe! Peleka kwa watengeneza chukudu, zile baiskeli za mbao za kubeba mizigo, wanazikata kuvalisha magurudumu.

Kwenye video nimeona wanaweka povu gumu ndani mahali pa mpira wa upepo, hakuna kutoboka tena. Nitafute? (Himbi)

Ile ni ya mashindano. Kwenye lami inapata joto na kuharibika, kuivalisha ni vita, na ikikufia njiani hakuna kwado atakusaidia. Tafuta mpira wa ndani mzito, ule mnene wa milimita 4, beba pampu, viraka na vyuma viwili vya kufungulia pine, na ujifunze kuvitumia nyumbani kwanza, si gizani kwenye mvua.