Mdogo wangu anaishi na mwanamume mwenzake: nile naye au nisile?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Nina mdogo wangu wa kiume, nimemlea mwenyewe tangu mama yetu alipofariki. Miaka miwili iliyopita alitwambia kuwa yeye ni shoga, na sasa anaishi na mwanamume mwenzake. Alikuwa mwimbaji wa kwaya, siku hizi hakanyagi kanisani. Juzi kanipigia simu, anaomba waje wote wawili tule sikukuu pamoja. Wenzangu wa kikundi cha maombi wamenisomea 1 Wakorintho 5:11, "mtu wa namna hii msikubali hata kula naye," wakasema nikimfungulia mlango nimeibariki dhambi yake. Je, ni kweli? Na sisi Wakristo tutazungumzaje na watu hawa bila kuikana imani yetu?

JIBU: Amina, mama. Mkaribishe. Wenzako hawakukusomea uongo, ila wamekusomea nusu ya mstari.

Ufungue tena, usome orodha yote. Paulo anataja mzinzi, mwenye kutamani, mwabudu sanamu, mtukanaji, mlevi na mnyang'anyi. Kilichomfanya aandike kimo katika mstari wa kwanza wa sura hiyo: mtu wa kanisani alikuwa na mke wa baba yake, na kanisa badala ya kulia likajivuna. Tena anasema "mtu aitwaye ndugu." Walio nje, anasema mwishoni mwa sura, Mungu ndiye atakayewahukumu. Sasa wenzako wanamhesabu mdogo wako yuko ndani au yuko nje? Kama yuko nje, mstari huo haumhusu. Kama yuko ndani, naomba kujua ni nani aliyemwendea faraghani, yeye na huyo mtu peke yao, kama Mathayo 18 inavyotuagiza, tangu siku kiti chake cha kwaya kilipobaki kitupu. Mlango wa mwisho hauwezi kufungwa na watu ambao hata wa kwanza hawajaubisha.

Na lile neno "mtukanaji" usilipite haraka. Limo katika orodha hiyo, na limo tena katika sura ya 6:10, chini kidogo tu ya wafiraji na walawiti. Nimekaa katika vikao vya kanisa kwa miaka mingi, nimesikia yanayosemwa juu ya watu hawa, mengine na wazee wenye vyeo, na sijaona hata mara moja mtukanaji akinyimwa sahani. Tukiushika mstari huo jinsi wenzako wanavyoushika, meza zetu zitabaki na viti vingi vitupu, na changu kitakuwa kimojawapo.

Nasema changu kwa sababu ninalo la kuungama. Zamani alinijia ofisini msichana mmoja kunieleza kuwa anavutiwa na wanawake wenzake. Alikaa ukingoni mwa kiti, mkoba ameukumbatia mapajani, saa nzima hakuuweka chini. Mimi nilifungua Biblia kabla sijamwuliza jina lake. Niliyomsomea yalikuwa Neno la Mungu, wala sijutii mstari hata mmoja. Ila alipoondoka nilimwona akiufunga mkoba uliokuwa umefungwa tayari, nikaelewa kuwa alikuja akiwa amejiandaa kufukuzwa, nami sikumwangusha. Hakurudi.

Linganisha na Bwana wetu chini ya mkuyu. "Zakayo, shuka upesi, kwa kuwa leo imenipasa kushinda nyumbani mwako." Anamwita kwa jina, kisha anakwenda kwake, na watu wananung'unika: "Ameingia kukaa kwa mtu mwenye dhambi." Ni baada ya hapo tu ndipo Zakayo anasimama na kusema nusu ya mali yake anawapa maskini. Sisi tumeugeuza mpangilio huo: kwanza atubu, kisha tutaona kama chakula kipo. Lakini Warumi 2:4 inasema wema wa Mungu ndio unaomvuta mtu apate kutubu, na mstari huo umekuja mara tu baada ya sura ya kwanza, ile ambayo sote tunaikariri tunapowazungumzia mashoga.

Hapo hapo niseme kidogo juu ya neno hilo. "Shoga" katika Kiswahili cha wanawake ni rafiki wa karibu, mtu wa kumwambia siri yako. Leo limegeuka jiwe la kumrushia mtu. Mdogo wako akijiita hivyo mwenyewe ni hiari yake. Wewe mwite jina ulilomlea nalo.

Usinielewe vibaya. Ninaamini ndoa ni ya mume na mke, na kwamba tendo la ndoa lina mahali pake humo tu. Najua yapo makanisa yanayosoma vingine: Wamethodisti wa United Methodist, kwa mfano, mwaka 2024 waliyaondoa katika kanuni zao maneno ya mwaka 1972 yaliyosema mwenendo wa ushoga haupatani na mafundisho ya Kikristo. Wasomi wao wana hoja nilizozisoma kwa makini, hazikunishawishi. Lakini hata sisi tunaoshika msimamo wa kale tuna madeni ambayo hatujalipa. Maaskofu wa Kianglikana, katika mkutano wao mkuu uitwao Mkutano wa Lambeth, mwaka 1998 walitamka kuwa ngono ya jinsia moja haipatani na Maandiko. Sehemu hiyo kila mtu anaikumbuka. Azimio hilo hilo liliahidi kuwasikiliza watu hawa, likalaani kuwaogopa bila sababu, na likasema waliobatizwa na wanaoamini kwa uaminifu, hata wakiwa na mvuto huo, ni viungo kamili vya mwili wa Kristo. Katekisimu ya Wakatoliki nayo, inayokataa tendo lenyewe, inaagiza wapokelewe kwa heshima na huruma. Na Januari 2023 Papa Fransisko alisema kwamba kuwa shoga si jinai. Tofauti ya dhambi na jinai wengi wetu hatuijui: wivu ni dhambi, na hakuna polisi anayeitwa.

Ndiyo maana nakuomba sana, siri ya mdogo wako isigeuzwe ombi la kikundi. Umbea ukifungwa na "tumwombee ndugu yetu" unabaki umbea, na watu wamepoteza kazi, wengine wamepigwa, kwa maombi ya namna hiyo. Usimtafutie mchumba wa haraka pia, maana utakuwa umemtwika binti wa watu mzigo ambao hakuuomba. Wala usimpeleke kwa wanaoahidi kumgeuza. Exodus International, shirika la Kikristo lililoifanya kazi hiyo tangu 1976, lilifunga milango mwaka 2013, na rais wake, Alan Chambers, akawaomba radhi watu waliowaumiza, akiwa amekwisha kukiri kuwa karibu wote aliokutana nao mvuto wao haukubadilika. Ukimwombea mdogo wako, mwombee kama unavyojiombea, kwa yote, siyo kwa hilo moja tu.

Daraja lina kingo mbili, kwa hiyo naye ana la kufanya. Mwambie kwa simu kabla hajaja: "Unajua ninachoamini, sijabadilika, nami sitakuhubiria mezani." Mwombe asikuwekee sharti la kukubaliana naye ndipo aamini kuwa unampenda, maana hilo nalo ni kumfungia mtu mlango. Kama watalala kwako, taratibu za nyumba yako zitaje mapema, kwa upole, siyo saa nne usiku mbele ya wageni. Wala usimwalike mchungaji kwa siri aje "kupita tu." Mtego huo naujua, nimewahi kutumiwa kama chambo chake, na mgeni alinitambua hata kabla sijaketi.

Sala ya chakula iwe sala ya chakula. Baadaye, kama mna desturi ya kuimba, anza wimbo ambao sauti yake anaijua. Akiitikia, vyema. Akinyamaza, msimtazame.

Na huyo mwenzake, uliza jina lake kabla hawajafika, usije ukashinda siku nzima ukimwita "rafiki yake."