Pambano lipo au halipo? Ninavyohakikisha kabla ya kukata tiketi

Mkuu, umeuliza utajuaje kama pambano la bondia wako lipo kweli, maana posta moja inasema mwisho wa mwezi huu, nyingine mwezi ujao, na yeye mwenyewe Instagram kaandika "kazi imeanza" basi. Ngoja nikujibu kwa yaliyonikuta.

Miaka kadhaa nyuma nilipanda basi Morogoro kwenda Dar kuangalia ngumi. Posta nilitumiwa WhatsApp, kali kabisa: mabondia wamekunjiana sura, mkanda katikati, nembo za wadhamini chini, tarehe na ukumbi. Nafika ukumbini saa 11 jioni, nakuta harusi. MC anajaribu maiki, viti vimevishwa vitambaa. Mlinzi akanitazama akasema, "Na wewe wa ngumi? Wa sita leo." Baadaye ndiyo nikaja kusikia pambano lilishasogezwa mbele. Kulitangaza, walilitangaza kila kona. Kuliahirisha, wakaliahirisha kimyakimya.

Jamaa yangu mmoja anayeshinda gym alinicheka sana. Akanieleza kuwa posta nyingine hutengenezwa hela ikiwa bado haijapatikana, ndizo zinazopelekwa kwa wadhamini kuombea hiyo hela. Ikivuja kwenye magrupu, sisi huku tunaanza kuhesabu siku.

Kwa hiyo siku hizi sianzi na posta. Naanza kwa mpinzani. Kama wanasema bondia wetu anazichapa na Mnamibia au Mmalawi, naingia kwenye kurasa za huyo mgeni na za watu wa kwao. Bondia anayesafiri kwenda kupigana ugenini hawezi kunyamaza. Kocha wake ataposti, magazeti ya kwao yatamuaga. Ukikuta yeye hana habari, anaposti shamba lake tu, jua huku kwetu kuna kiki.

Pili ni BoxRec. Ule mtandao unaweka rekodi za mabondia wa dunia nzima, na pambano lijalo likishaingizwa utaliona kwenye ukurasa wa bondia: tarehe, mahali, mpinzani. Siyo msahafu, mambo hubadilika, lakini umewahi kuniumbua. Septemba 2018 watu waliamka wakisema kijana wa Tanga, Hassan Mwakinyo, kampiga Mwingereza Sam Eggington kwa TKO (refa kasimamisha pambano) raundi ya pili, Birmingham, kwao Eggington kabisa. Mimi, mwenye kidonda cha harusi, nikabisha kwenye grupu zima kwamba ni uzushi. Nikafungua BoxRec ili niwanyamazishe, nikanyamaza mimi.

Tatu, na kwangu ndiyo nzito, ni anayetoa kibali. Hapa kwetu ni kamisheni ya ngumi za kulipwa, TPBRC. Bondia anaweza kusema lolote, promota, yaani mwandaaji, ana tiketi za kuuza, lakini kamisheni ikisema halipo, halipo. Ukitaka mfano mkubwa, angalia Uingereza Oktoba 2022. Mabondia Conor Benn na Chris Eubank Jr walikuwa wazichape Jumamosi tarehe 8 ukumbi wa O2, London. Jumatano ikatoka habari kwamba kipimo cha Benn kimekutwa na dawa iliyokatazwa. Bodi ya ngumi ya Uingereza ikasema imelizuia pambano, mapromota wakasema lipo palepale. Waliomsikiliza promota walikuwa na usiku mmoja tu wa matumaini, Alhamisi likafutwa. Walikuja kupigana Aprili 2025.

Sasa usidhani ukishapata yote hayo umemaliza. Mabondia wa uzito wa juu, Tyson Fury na Oleksandr Usyk, walikuwa na mkataba, ukumbi na tarehe, 17 Februari 2024 Riyadh. Wiki mbili kabla Fury akachanika juu ya jicho mazoezini, likaenda hadi 18 Mei. Mchezo huu ndivyo ulivyo tangu zamani: hata Muhammad Ali na George Foreman pale Kinshasa 1974 ilikuwa wapande ulingoni Septemba, Foreman akachanika jicho, wakapigana 30 Oktoba. Na Februari 2025 Daniel Dubois aliugua siku mbili kabla ya kukutana na Joseph Parker, akaitwa Mkongo Martin Bakole, akatua Riyadh usiku wa kuamkia pambano. Raundi ya pili akapigwa. Aliyekuwa na posta ya wiki iliyopita alikuwa na mtu mwingine kabisa.

Kuhusu hizo tarehe mbili zako: kama zinapishana siku moja, si uongo, ni saa. Mike Tyson na Jake Paul walipigana Texas, Marekani, Ijumaa usiku, 15 Novemba 2024. Kwetu ilikuwa tayari Jumamosi asubuhi tarehe 16, watu wanakunywa chai. Riyadh haina shida, saa yao ni yetu. Lakini zako zinapishana wiki nzima, na mojawapo haina hata jina la ukumbi, hiyo isiyo na ukumbi mimi ningeiweka kando kabisa.

Na tiketi? Angalia zinauzwa wapi. Namba ya simu tu ya kutuma hela, yenye jina usilolijua, achana nayo. Piga simu ukumbini, waulize tarehe hiyo wana nini. Dakika moja. Mimi ningepiga simu hiyo siku ile, nisingekula pilau la watu nisiowajua. (Ndiyo, nilikula, mlinzi alinionea huruma.)

Basi ya Dar sasa nakata Ijumaa jioni, baada ya kuwaona wote wawili kwenye mizani, kwenye video, siyo picha, maana picha ya kupima uzito ya mwaka juzi na ya leo zinafanana. Kiti cha dirishani nakikosa, sawa tu.

Tupia hapa jina la mpinzani wake, nimtafute.