Uliza Kwanza Kama Ni Tumbo Moja: Kuhusu Mafunzo ya Washauri wa Vinasaba

Kazi ya mshauri wa vinasaba, yaani mtaalamu anayewaeleza watu kuhusu magonjwa ya kurithi, huanza na karatasi. Mwanamume huchorwa mraba, mwanamke duara, aliyeugua hutiwa wino, aliyefariki hukatwa kwa mstari wa mshazari, na kabla mgonjwa hajatolewa tone la damu huwa tumekwisha kuusoma ukoo wake hadi vizazi vitatu. Nimewasimamia wanafunzi wa fani hii hapa Marekani kwa miaka kadhaa, na karatasi hiyo ndiyo iliyonionyesha kwamba mafunzo yanayowaacha kando watu wa asili nyingine huzaa makosa ya kitaalamu.

Siku moja mwanafunzi wangu, binti mwenye bidii, alimhoji mama kutoka Kivu Kusini kupitia mkalimani wa simu. Mama alisema ana dada sita, na wawili wamekufa kwa saratani ya matiti. Mwanafunzi akachora maduara sita kwenye mstari mmoja, akayatia wino mawili. Nikaomba ruhusa ya kuuliza kwa Kiswahili: “Mama, hao dada zako wote ni wa tumbo moja?” Akanitazama kwa mshangao. “Hapana, wa tumbo letu ni wawili tu. Wengine ni watoto wa baba mdogo.” Marehemu wote wawili walikuwa wa baba mdogo. Mkalimani hakukosea, kwa kuwa neno dada alilitafsiri lilivyo. Tukafuta, tukachora upya, na hofu yote ikahamia upande wa baba, upande ambao watu wengi husahau kwamba nao hurithisha saratani hiyo.

Programu ya kwanza ya shahada ya uzamili katika fani hii ilianzishwa mwaka 1969 katika chuo cha Sarah Lawrence, New York, na hadi leo karibu washauri 9 kati ya 10 nchini humu ni Wazungu. Sidhani kwamba hili linatokana na ubaya wa moyo wa mtu fulani. Muombaji hutarajiwa kuwa amejitolea bila malipo, kwa mfano kupokea simu za watu walio katika dhiki, na kumfuata mshauri kazini ili aijue kazi. Kijana anayefanya zamu za usiku kuwatunza wazee ili alipe kodi ya nyumba atautoa wapi muda huo? Kwa hiyo ushauri wangu kwa wanaochagua wanafunzi ni kwamba kazi ya kulipwa ya kuwahudumia watu ihesabiwe sawa na ya kujitolea, na ukalimani pia uhesabiwe.

Walimu nawaomba jambo jingine, nalo bado linaniuma. Nilipokuwa mwanafunzi nilikuwa Mwafrika pekee darasani, na siku ya somo la selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu, macho yote yalinigeukia, kana kwamba nimetumwa na bara zima kujibu. Msimtwike mwanafunzi mmoja mzigo huo. Fundisheni kwamba selimundu ilienea palipokuwa na malaria, kuanzia Afrika hadi India, Uarabuni na nchi za Mediterania. Fundisheni pia kwamba hifadhi za data za jeni zimejaa watu wa asili ya Ulaya, ndiyo maana mgonjwa wa asili ya Kiafrika hupewa mara nyingi zaidi jibu la “mabadiliko ambayo maana yake haijajulikana”. Mwanafunzi asiyejua sababu hiyo atamwacha mgonjwa akidhani kasoro iko mwilini mwake.

Nawe kijana unayeitamani kazi hii, usiyafiche maisha yako katika barua ya maombi. Kama uliwahi kukaa kati ya daktari na mama yako, ukitafuta neno la kumweleza kwamba wazazi wote wawili wakiwa wamebeba jeni ya selimundu, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mwenye ugonjwa huo, na kwamba aliyetangulia kuugua hawakingi wanaofuata, andika hivyo hivyo ilivyokuwa, pamoja na maneno uliyoyatumia.