Maswali ya wasomaji: Kujenga juu ya mgodi wa zamani wa makaa ya mawe

Swali: Chini ya kiwanja ninachotaka kununua kuna mgodi wa makaa ya mawe, dari yake iko mita 25 kwenda chini. Muuzaji anasema ulifungwa zaidi ya miaka mia iliyopita, kwa hiyo ardhi imeshatulia. Nimwamini?

Jibu: Umri wa mgodi peke yake haukwambii kitu. Uliza kwanza makaa yalitolewaje. Kama yalikwanguliwa yote kwa mstari mrefu, na dari ikaachwa iporomoke nyuma ya wachimbaji, ardhi hutitia mapema. Sehemu kubwa ya kutitia huko huisha ndani ya miaka miwili hivi. Hapo muuzaji angekuwa na hoja. Lakini migodi mingi ya zamani iliyo karibu na uso wa ardhi ilichimbwa kwa vyumba na nguzo: makaa yalitolewa, na vipande vikaachwa vimesimama ili vishike dari. Nguzo hizo humomonyoka, dari humeguka kipande kwa kipande, na utupu hupanda polepole. Miaka mia si kinga. Siku unapofika juu, ardhi hufunguka ghafla.

Kinachoweza kuuzuia njiani ni kifusi chake wenyewe, kwa kuwa mwamba uliovunjika hushika nafasi kubwa kuliko ulipokuwa mzima. Tuseme tabaka la makaa lilikuwa na unene wa mita 1.5. Mwamba ukivimba kwa asilimia 20, utupu utajazwa baada ya kupanda mita 7.5. Ukivimba kwa asilimia 10 tu, utapanda mita 15. Wahandisi huanzia kwenye makadirio hayo ya pili: mwamba juu ya mgodi uwe na unene usiopungua mara 10 ya unene wa tabaka.

Angalia neno "mwamba". Mfinyanzi, changarawe na udongo wa kujaza havihesabiwi, kwa sababu utupu ukivifikia humwagikia shimoni. Mita zako 25 zikiwa na mita 14 za mfinyanzi juu, mwamba uliobaki ni mita 11, na unaohitajika ni 15. Kiwanja hicho hakijapita. Hata kingepita, kanuni hii ni chujio la mwanzo tu: maji yanayotiririka mgodini yanaweza kukisomba kifusi, na penye makutano ya njia za mgodini utupu hupanda zaidi.

Swali: Tumechoronga mashimo mawili na yote yamekuta makaa mazima. Tuanze msingi?

Jibu: Bado. Huenda mmegonga nguzo. Kama nusu ya makaa iliachwa, kila shimo lina nafasi moja kati ya mbili ya kuangukia nguzo, na mashimo mawili kuangukia nguzo yote ni nafasi moja kati ya nne. Hiyo ni kamari, si uchunguzi. Kwa nyumba moja chorongeni manne au matano, na msiyapange kwa umbali ulio sawa, maana nguzo nazo mara nyingi zilipangwa hivyo. Kila shimo lipite mita chache chini ya tabaka linaloshukiwa. Wala msiishie kwenye makaa ya kwanza: mara nyingi juu ya tabaka mnalolijua kuna jingine jembamba ambalo nalo lilichimbwa.

Mchorongaji aandike kina cha kila badiliko: fito za kuchorongea zilipodondoka ghafla (utupu), maji ya kuchorongea yalipopotea (nyufa au kifusi kilicholegea), vipande vya mbao vilipopanda. Ripoti inayosema tu "makaa, mita 22" haina faida. Tena, tumieni maji, si hewa ya mgandamizo. Hewa husukuma gesi ya mgodini kupitia nyufa hadi ndani ya nyumba za majirani.

Ramani msiitupe, ila msiiamini kupita kiasi. Uingereza ilianza kudai kisheria ramani za migodi ya makaa iliyotelekezwa mwaka 1872, na mengi yaliyochimbwa kabla ya hapo hayakuchorwa popote. Hata palipo na ramani, nguzo huenda zilipunguzwa siku za mwisho kabla ya mgodi kufungwa.

Swali: Utupu umepatikana. Hujazwaje?

Jibu: Kwa uji wa saruji uliochanganywa na majivu ya makaa, majivu yakiwa mengi mara kadhaa kuliko saruji, kwani hapa hatutafuti zege ngumu. Anzeni na mzunguko wa nje: mashimo kila mita 1.5, yakimiminwa changarawe pamoja na uji mzito ili kujenga ukuta. Wanaoruka hatua hii hushangaa uji unakokwenda. Unakwenda chini ya kiwanja cha jirani. Baada ya ukuta, jazeni ndani kwa mashimo yaliyoachana mita 3 hivi, kisha chorongeni mengine katikati yake kuhakiki. Shinikizo liwe dogo, kama kilopaskali 10 kwa kila mita ya kina. Likizidi, litainua ardhi. Eneo linalojazwa livuke kuta za nje, kwa sababu mporomoko hutanuka kadiri unavyopanda.

Swali: Jamvi nene la zege chini ya nyumba nzima halitoshi?

Jibu: Linaweza kuvuka shimo dogo, iwapo mhandisi ametaja upana wa shimo alilolikusudia. Halizuii mabomba ya maji na gesi kukatika nje ya nyumba.

Swali: Ramani inaonyesha mdomo wa shimo la wima la mgodi pembeni mwa kiwanja.

Jibu: Alama hiyo inaweza kukosea kwa mita nyingi. Kwangueni udongo wa juu kwa mashine, mtu asikanyage bila kufungwa kamba ya usalama, mpaka duara la udongo wa rangi tofauti lionekane. Mengi yalifunikwa kwa magogo na kifusi kidogo juu, na magogo huoza. Shimo hujazwa, kisha hufunikwa kwa bamba la zege lenye nondo, lililokaa juu ya mwamba imara na lenye upana mara mbili ya kipenyo cha shimo. Hata hivyo nyumba isikae juu yake. Pangeni bustani hapo.

Swali: Gesi je? Ardhi yetu ni imara.

Jibu: Uimara na gesi ni mambo mawili tofauti. Gorebridge, Uskoti, nyumba 64 zilibomolewa baada ya kaboni dayoksidi kutoka migodi ya zamani kuingia ndani mwaka 2013 na 2014. Hazikubomolewa kwa kutitia. Pimeni methani (hulipuka ikiwa asilimia 5 hadi 15 ya hewa), kaboni dayoksidi na oksijeni, mara kadhaa, hasa shinikizo la hewa linaposhuka, maana ndipo mgodi hupumua nje. Kipimo kimoja cha siku tulivu kitawadanganya.

Swali: Maji ya mvua ya paa niyaelekeze kwenye shimo la kunyonya maji?

Jibu: Hapana. Yatasomba kifusi kilichojaza utupu. Yapelekeni kwenye mfereji, nje ya eneo la mgodi.