Chumvi ya baba yako

Mwanangu,

Nimekusikia. Mkwe wangu kaambiwa sukari imepanda, sasa wewe unataka kujua jiko ulipange vipi, biskuti zikae wapi na kopo la sukari liende wapi. Mimi nimebaki na langu: yeye mwenyewe anajua kwamba unapanga?

Kupanga si kazi. Jicho likiona, mkono unafuata, nimewaimbia hilo tangu mko wadogo. Mchicha ukiutupa droo ya chini ya friji umeuzika. Uchambue siku hiyohiyo ya soko, uoshe, ukae mbele ukifungua tu mlango. Machungwa yawe mezani, wayale, msikamue juisi. Na sufuria ya wali isitoke jikoni. Pakua hukohuko, tena kwa sahani ndogo, si yale masahani ya sendofu.

Lakini chumvi ya baba yako unaikumbuka? Presha ilipomshika, daktari alisema isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku, pamoja na ile iliyomo kwenye mkate na dagaa. Nikakiondoa kikopo mezani, nikakificha juu ya kabati, nyuma ya sinia. Wiki tatu hakuuliza. Nikajiona hodari, nikamtambia hadi shangazi yako! Ijumaa moja nataka kufua kanzu yake, napapasa mfukoni, kikaratasi cha gazeti kimesokotwa. Chumvi ya mawe. Imeanza kutoa maji, kitambaa kimelowa.

Mtu aliyekula chumvi nyingi, anaificha chumvi nyumbani kwake, ananificha mimi.

Sikusema kitu. Nilifua kanzu, nikaipiga pasi, nikakirudisha kikaratasi palepale. Mpaka anatutoka hatukulizungumza.

Sasa nisingeficha, si angekula zaidi? Huenda. Presha ilishuka kidogo, siwezi kusema uongo. Na jicho likiona, mkono unafuata, hilo bado nalisimamia. Ila mkono wa baba yako haukuona kitu, na ulifika.

Ya nyumbani kwenu siyaamui. Ningekuwa mimi, hilo kopo ningelitoa mbele yake, aseme mwenyewe vijiko vingapi. Basi, nanyamaza. Lakini juu ya kabati usiliweke.

Msalimie mkwe wangu. Barua hii usimsomee. Au msomee, ile ya kanzu uiruke.

Mama yako