Chai haina ladha baada ya kung'olewa gego la mwisho

Pole sana, dada. Kung'olewa gego la mwisho la chini, kisha chai ya tangawizi isiwe na ladha upande mmoja wa ulimi, kunatisha kweli. Mshipa wa fahamu unaopeleka ladha ya sehemu ya mbele ya ulimi hupita karibu sana na gego hilo. Ukiguswa hupata mshtuko, na mara nyingi hupona wenyewe ndani ya wiki au miezi. Angalia na dawa zako: metronidazoli, dawa ya kuua bakteria, huacha ladha ya chuma, klorheksidini ya kusukutua nayo hupotosha ladha. Usikatize dozi bila kumuuliza daktari. Maumivu yakizidi, pamoja na harufu mbaya kinywani, rudi kliniki leo hii. Ganzi ya ulimi isipopungua, mwambie daktari mapema, na chai uinywe vuguvugu usije ukaungua.