Swali: Balkoni za kabini mbili za jirani melini zinaunganishwa kweli?

Swali (nimelifupisha): Tumebuku kabini mbili kwenye meli ya kitalii inayotoka Galveston, Texas. Moja yetu, mimi, mume wangu na mtoto wa miaka minne, nyingine ya mama na mamdogo wanaokuja kutoka Mombasa. Ejenti kasema balkoni zinaunganishwa tu, tusiwe na wasiwasi. Ni kweli? Nani anafungua, inalipiwa? Ni salama kwa mtoto? Na tukikuta ukuta wa kati ya balkoni umefungwa mume wangu ni fundi, anaweza kuutoa mwenyewe.

Jibu:

Dada, kwanza nisalimie bi mkubwa. Niko idara ya kabini melini na swali hili tunaulizwa karibu kila safari, ila leo naanza na shemeji maana yeye ndo kanishtua: bisibisi aiache nyumbani. Hiyo patisheni, yaani kiukuta kinachotenganisha balkoni mbili, asiiguse hata akiona skrubu zote ziko nje nje. Ukiharibu kitu cha meli bili inaingia kwenye akaunti ya kabini, na wakiona umechezea kitu cha usalama wanaweza kukushusha bandari inayofuata, ukajitafutie ndege ya kurudi. Sababu ya ukali huo nitaieleza, ngoja kidogo.

Sasa ejenti. Hajakudanganya ila kakupa nusu ya jibu. Meli nyingi za sasa patisheni kati ya balkoni mbili ina bawaba upande mmoja na kufuli ndogo upande wa pili, na kufuli ile haifunguki kwa kadi yako ya kabini, ina ufunguo wake maalum ambao anao stiwadi wenu (mhudumu wa kabini) au supavaiza wake. Anafungua, anaisukuma mpaka ilale ukutani, anaifunga na komeo ili upepo usiirudishe kwa kishindo, basi, kazi ya dakika chache. Hailipiwi. Ukitaka kumpa chochote mwisho wa safari hiyo ni roho yako, hatukatai 😄

Nusu iliyobaki ni kwamba si kila patisheni inafunguka. Meli ya abiria hukatwa kwa ndani kuanzia omo (mbele) hadi tezi (nyuma) katika kanda za moto, kila kanda kwa kawaida haizidi mita 40 na kwa masharti maalum inafika 48, na kati ya kanda na kanda kuna ukuta wa chuma uliotengenezwa kuzuia moto usivuke. Kabini zenu zikiangukia pande mbili za mpaka huo, kuna uwezekano mkubwa ukuta wa balkoni ni wa kudumu, hauna bawaba wala kufuli, hata umbembeleze stiwadi kwa lugha zote. Halafu kuna kabini za kona kule tezi ambako balkoni zimekatwa kwa mshazari, na kuna zile ambazo jirani yako ni suti, yaani kabini kubwa ya kifahari, yenye balkoni ya umbo jingine kabisa, hizo nazo mara nyingi hazifunguki. Ramani ya deki (ghorofa za meli) kwenye tovuti huwa haionyeshi haya, kwa hiyo usijitie kuikodolea macho usiku kucha, piga simu kampuni yenyewe, wape jina la meli na namba zote mbili za kabini na waulize patisheni ya kati ya hizo mbili inafunguka au la. Wakisema haifunguki, hapo bado una muda wa kuhamishwa. Ukisubiri mpaka upande melini na meli imejaa, hakuna wa kukuhamishia popote.

Na hebu angalia namba zenyewe sasa hivi kabla hujaendelea kusoma. Meli nyingi zinaweka namba shufwa upande mmoja na witiri upande wa pili, yaani jirani wa 8230 ni 8232, siyo 8231. Nimeshaona familia imebuku namba zinazofuatana wakidhani ni ukuta kwa ukuta kumbe bibi yuko kulia kwa meli wajukuu wako kushoto, katikati kuna korido mbili na ngazi. Pia msichanganye na kabini zenye mlango wa ndani kwa ndani, hizo ni habari nyingine, zinaweza kuwa na mlango ule na balkoni isifunguke, au kinyume chake.

Turudi kwa shemeji na bisibisi. Mwezi Machi 2006 meli ya Star Princess ikiwa njiani kwenda Montego Bay, Jamaika, ilishika moto alfajiri na moto ulianzia balkoni. Wachunguzi wa Uingereza walisema inaelekea ni kipisi cha sigara. Patisheni za balkoni zilikuwa za plastiki ngumu ya polikaboneti, viti plastiki, vigae vya sakafu navyo vya kuungua, basi moto ukatembea kutoka balkoni hadi balkoni na kupanda deki za juu huku ukitoa moshi mweusi mzito, na abiria mmoja alifariki. Wakati ule balkoni zilihesabiwa kama eneo la nje, hakuna king'amuzi cha moto wala maji ya kunyunyiza. Baada ya hapo sheria za kimataifa za usalama wa meli zikabadilishwa, mabadiliko yakaanza Julai 2008: patisheni ziwe za kitu kisichoungua, na balkoni yenye fanicha za kuungua iwe na ving'amuzi na mfumo wa maji. Kwa hiyo ile unayoiona kama kipande cha bati cha kuwaziba macho ni sehemu ya ulinzi wa moto wa meli, na ndo maana ufunguo wanao stiwadi na supavaiza wake tu na wanajua ipi wafungue. Na kama kuna mvutaji kwenye familia, kampuni nyingi kubwa zimeshapiga marufuku sigara balkoni na faini yake si ndogo.

Mtoto sasa, hapa ndo mkae kikao. Sheria ya Marekani ya 2010 inataka reli isipungue inchi 42, kama sentimita 107, na meli yenu inaondokea Texas kwa hiyo inawahusu. Mtoto wa miaka minne hairuki akiwa amesimama chini. Tatizo ni viti. Mkiunganisha balkoni mnakuwa na viti vya kabini mbili pamoja na meza, na mtoto anapanda kitu chochote, kwa hiyo viti vyote vikae upande wa mlango wa kioo mbali na reli, na mkiingia ndani kulala mwambieni stiwadi awapunguzie. Jingine ambalo watu hawalifikirii: wewe utafunga mlango wako wa kioo kwa komeo la juu vizuri kabisa, halafu mtoto yuko kwa bibi, mamdogo kaacha mlango wazi apate upepo, mtoto keshatoka nje na wewe unadhani yuko ndani. Milango ni miwili sasa, kila mtu ajue. Na usifungue mlango wa balkoni na wa korido kwa wakati mmoja, upepo wa bahari ukipita hapo mlango unajibamiza na vidole vinaumia, tunaona sana hiyo.

Mkishapanda, mwambieni stiwadi siku ile ile ya kwanza, na atataka kusikia kutoka kabini zote mbili, siyo wewe peke yako useme mama kakubali, kwa sababu akishafungua mtu yeyote anaweza kutembea mpaka kwenye kioo cha mwenzake. Bahari ikichafuka atakuja kuifunga, na usiku wa mwisho pia mara nyingi inafungwa, msibishane naye.

Halafu mwambie bi mkubwa kanga asianike kwenye reli, haziruhusiwi na upepo utazichukua, aangalie bafuni kwenye sehemu ya kuogea, kabini nyingi zina kamba ya kuvuta ya kuanikia.